Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa William Holden

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita wa chama chetu cha filamu uliazimia tuache kurukaruka, mwaka mzima tushughulike na mwigizaji mmoja, na kura zikamwangukia William Holden, nyota wa filamu wa Marekani. Waliompendekeza walitaja Nanyuki, mji wa Kenya alikokuwa na klabu. Waliopinga walisema hakuna filamu yake ambayo watu wakishatoka ukumbini humzungumzia yeye. Humzungumzia aliyecheza naye. Sasa tumemaliza filamu saba, nami nakiri kwamba hoja ya wapinzani ni ya kweli. Ila hiyo haikuwa kasoro. Ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Hesabuni wenyewe. Judy Holliday alipata Oscar kwa Born Yesterday (1950), Grace Kelly kwa The Country Girl (1954), Alec Guinness kwa The Bridge on the River Kwai (1957), kisha Peter Finch, Faye Dunaway na Beatrice Straight kwa mpigo mmoja, wote katika Network (1976). Hao ni sita, na katika filamu zote nne Holden yumo. Yeye mwenyewe aliteuliwa mara tatu na kushinda mara moja tu, kwa Stalag 17 (1953). Mwaka wa Network aliwania tuzo ileile na Finch, na ikaenda kwa Finch, ambaye tayari alikuwa marehemu.

Kwa anayetaka kuona jambo hili likitendeka, kamati inapendekeza onyesho la Beatrice Straight katika Network. Katika filamu nzima anaonekana kwa dakika tano na ushei tu, na ndizo zilizompa tuzo. Holden ni mume anayemwambia mkewe kwamba amependa mwanamke mwingine. Mara ya kwanza mtazameni mke. Rudisheni nyuma, mara ya pili mtazameni mume peke yake. Hajitetei kwa sauti, hapambani kuvuta jicho la kamera, na majibu yake ni mafupi. Mke ana nafasi ya kupanda hadi kilio kwa sababu mume amebaki chini. Mwigizaji mwenye pupa angepandisha sauti naye, na onyesho lingegeuka ugomvi wa jirani.

Alikotoka

Alizaliwa tarehe 17 Aprili 1918 huko O'Fallon, jimbo la Illinois, kwa jina la William Franklin Beedle. Baba alikuwa mkemia wa viwandani, mama mwalimu, na familia ikahamia South Pasadena, California, yeye akiwa mdogo. Paramount, studio ya filamu, walimchukua akiwa bado mwanafunzi wa chuo, wakambadilisha jina la ukoo, wakampa dola 50 kwa wiki. Studio nyingine, Columbia, walipomtaka kwa Golden Boy (1939) walinunua nusu ya mkataba, kwa hiyo kwa miaka mingi alikuwa mtumishi wa mabwana wawili, kila mmoja akilipa nusu ya mshahara.

Golden Boy nusura impotee. Alikuwa na miaka 21, anacheza kijana mpiga fidla aliyegeuka bondia, na siku za mwanzo wakubwa wa studio walitaka aondolewe. Aliyemkingia kifua ni Barbara Stanwyck, nyota wa filamu hiyo, aliyekaa naye kurudia mistari baada ya saa za kazi. Holden hakusahau: jukwaani kwenye Oscar za 1978 aliacha kusoma orodha ya walioteuliwa ili amshukuru mbele ya watu. Mwaka 1982, Stanwyck alipopokea Oscar yake ya heshima, naye alimtaja Holden, miezi michache baada ya kifo chake.

Miaka ya vita aliitumikia jeshini, katika kikosi cha filamu cha jeshi la anga. Mdogo wake, rubani wa jeshi la majini, aliuawa vitani Pasifiki mwaka 1944. Aliporudi alipewa nafasi za vijana wazuri wasio na neno, na filamu hizo hatukuzipangia muda.

Maiti kwenye bwawa

Kilichomwokoa ni Sunset Boulevard (1950). Nafasi ya mhusika mkuu, Joe Gillis, ilikuwa ya Montgomery Clift, aliyejitoa muda mfupi kabla ya kazi kuanza, na mwongozaji Billy Wilder akamgeukia Holden. Gillis anasimulia kisa chote akiwa amekwisha kufa. Mwanzo wa awali ulikuwa chumba cha maiti, marehemu wakipiga soga. Watazamaji wa majaribio walicheka mahali pasipotakiwa, Wilder akaukata.

Wanachama wengi waliuliza ile picha ya maiti ikitazamwa kutoka chini ya maji, polisi wakionekana juu yake, ilipigwaje. Kamera iliyozamishwa kwenye kisanduku haikuwaridhisha. Wakalaza kioo kikubwa sakafuni mwa bwawa, kamera ikabaki nje ya maji ikielekezwa chini, ikapiga picha iliyomo kwenye kioo. Ndiyo maana nyuso za polisi zinasomeka. Mkitazama tena, ile hali ya picha kutikisika kidogo ni maji yaliyo kati ya lenzi na kioo. Bwawa lenyewe lilichimbwa kwa ajili ya filamu, kwenye jumba lililobomolewa mwaka 1957.

Fedha za Kwai

Mwaka 1956 wenye majumba ya sinema Marekani walimtaja kuwa nyota namba moja wa mauzo, na hapo ndipo akapata mkataba ambao wanachama wanaopenda hesabu wameujadili kuliko filamu yenyewe. Kwa The Bridge on the River Kwai alipewa asilimia 10 ya mapato, kwa sharti kwamba asilipwe zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka. Faida kwake ilikuwa kodi: wakati ule mapato makubwa ya mwaka mmoja yaliliwa vibaya sana na serikali ya Marekani. Hasara ni kwamba kila dola milioni moja ilihitaji miaka 20 kulipwa. Alifariki miaka 24 baada ya filamu kutoka, yaani kwa kiwango hicho asingeweza kuwa amepokea zaidi ya milioni 1.2, na muda wote huo salio lilikaa kwa studio. Mwaka 1959 akahamia Uswisi, na kwao Marekani alisemwa sana kwa hilo.

Daraja, kwa wale wanaodhani ni Thailand, lilijengwa Kitulgala, Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Lilikuwa la mbao, urefu wa takriban mita 130, na lililipuliwa kwelikweli na garimoshi likiwa juu yake. Jaribio la kwanza liliharibika: ishara ya mpigapicha mmoja kwamba yuko tayari na amejificha haikuonekana, baruti ikazuiwa, na garimoshi likavuka salama likaenda kugonga vitu ng'ambo. Ikabidi lirudishwe relini na kazi irudiwe.

Kuonyesha: vipimo na makosa

Nalisema hili kwa kirefu kwa sababu malalamiko mengi ya mwaka yalihusu picha na manukuu (maandishi ya tafsiri chini ya picha), na karibu yote yana tiba rahisi.

Pazia letu lina upana wa mita 3, na projekta inatoa picha ya 16 kwa 9 (upana kwa kimo), yaani kimo cha mita 1.69. Sunset Boulevard na Stalag 17 ni za umbo la zamani, 1.37 kwa 1. Zinatakiwa kuchukua upana wa mita 2.31 tu, na kila upande ubaki weusi wa sentimita 34. Anayebonyeza "jaza skrini" ananenepesha watu au anakata vichwa. Picnic na Kwai ni 2.55 kwa 1: upana wote mita 3, kimo mita 1.18, weusi wa sentimita 25 juu na chini. Weusi huo si hitilafu. Ukiukuza uondoke, katika Picnic unapoteza karibu theluthi ya upana wa picha kwenye ile ngoma ya Holden na Kim Novak, na hapo filamu haina kitu tena. (Alikuwa na miaka 37, anacheza kijana. Inaonekana. Tusameheane.)

Manukuu kuchelewa: filamu hupigwa kwa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, lakini diski za mfumo wa televisheni za kwetu huzicheza 25. Kwai ya dakika 161 inamalizika kwa dakika 154 na nusu. Manukuu yaliyopangwa kwa fremu 24 yatachelewa sekunde 2.4 kila dakika, na kufikia mwisho ni zaidi ya dakika sita: daraja limeanguka, maandishi bado yanabishana kama lilipuliwe. Kusogeza manukuu yote mbele kwa sekunde kadhaa hakusaidii, kwa sababu pengo linakua. Zidisha kila muda kwa 0.96, programu za kuhariri manukuu zina kitufe cha kubadili fremu kutoka 24 kwenda 25. Angalia mwanzo na mwisho. Vikikaa sawa vyote viwili, katikati patakuwa sawa, isipokuwa toleo lenyewe limekatwa. The Wild Bunch (1969) ndiyo inayosumbua hapo: studio iliipunguza dakika kama kumi baada ya kutoka, na nakala fupi bado zinazunguka. Kamili ni dakika 145. Hapo usihangaike na manukuu, tafuta nakala nyingine.

Kuhusu tafsiri, kikundi cha manukuu kimefanya kazi ya kupongezwa. Mistari miwili, herufi zisizozidi 40 kwa mstari, na Kiswahili kina maneno marefu, kwa hiyo tafsiri ya neno kwa neno haiingii. Simulizi la Gillis lilisomeka vizuri tulipoacha "-li-" nyingi tukatumia "-ka-": nikaingia, nikapanda ngazi, nikamkuta. Maiti anasimulia kama babu. Katika Kwai, "afande" imetufaa kuliko "bwana", kwa sababu Holden anacheza baharia wa cheo cha chini aliyejifanya ofisa. Kila "afande" anayoitiwa ni uongo wake unaomrudia, na watazamaji walicheka mahali sahihi.

Nanyuki

Hapa kuna mambo ya kurekebisha katika vijitabu vyetu. Holden hakujenga lile jumba la klabu yake ya Nanyuki. Lilikuwa nyumba ya watu binafsi, kisha hoteli, na liliitwa Mawingo, kwa "o", tahajia ambayo imegandia mpaka leo. Mwaka 1959 yeye na wenzake wawili, Ray Ryan mfanyabiashara wa mafuta na Carl Hirschmann mwenye benki wa Uswisi, walilinunua na kulifanya Mount Kenya Safari Club. Mstari wa ikweta unapita uwanjani mwake. Hapo ndipo ilipopigwa The Lion (1962), na simba wake, Zamba, alisafirishwa kutoka California. Ndiyo, simba aliletwa Kenya.

Aidha, Holden hayumo katika Mogambo (huyo ni Clark Gable) wala The African Queen (huyo ni Humphrey Bogart). Kijitabu cha zamani kimewachanganya wote watatu na hakipaswi kugawiwa tena.

Kilichodumu zaidi ya klabu ni shamba la wanyama alilolianzisha jirani mwaka 1967 pamoja na Don Hunt. Humo walianza kuzalisha bongo wa mlimani, swala mwekundu mwenye mistari myeupe ambaye porini Kenya wamebaki chini ya 100. (Wenzetu wa Dar, bongo huyu si wenu.) Mwaka 2004 waliletwa 18 kutoka bustani za wanyama za Marekani ili damu isiwe ya ukoo mmoja, na mwaka 2022 wa kwanza wakaanza kuachiwa kwenye hifadhi ya Mawingu, safari hii kwa "u". Stefanie Powers, mwenza wake wa miaka ya mwisho, alianzisha wakfu kwa jina la Holden mwaka 1982, wenye kituo cha elimu huko huko kwa ajili ya wanafunzi.

Yasiyopendeza

Baadhi yenu mliomba sehemu hii iachwe. Kamati imekataa. Mwaka 1966 nchini Italia, akiendesha Ferrari akiwa amelewa, aligonga gari jingine na dereva wake akafa. Mahakama ilimpa kifungo cha miezi minane kilichoahirishwa. Pombe hakuiacha moja kwa moja. Novemba 1981, akiwa peke yake katika nyumba yake Santa Monica, aliteleza kwenye zulia, akagonga paji la uso kwenye ukingo wa meza ya kando ya kitanda, akavuja damu hadi kufa. Alikuwa na kilevi cha asilimia 0.22 katika damu. Alipatikana tarehe 16, siku kadhaa baadaye, akiwa na miaka 63. Mazishi hayakufanywa; majivu yake yalitawanywa baharini.

Yaliyobaki

Hesabu zitasomwa na mweka hazina. Wenye diski za chama wazirudishe kabla ya mkutano, na kila diski iandikwe juu ya kasha kasi ya fremu na umbo la picha. Manukuu ya S.O.B., filamu yake ya mwisho, hayajakamilika. Anayejitolea aonane na katibu. Mapendekezo ya mwigizaji wa mwaka ujao yaletwe kwa maandishi. Jina la Stanwyck limekwisha kuletwa mara nne, kwa hiyo halihitaji kuletwa tena.

Mwenyekiti