Wataalamu wa bahari na misitu, kaeni kikao kimoja nasi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wataalamu wa wanyamapori, wa uvuvi na wa misitu walioko hapa Mombasa. Mimi ni mama karanga. Nanunua samaki kwa wavuvi wa Nyali na Bamburi, jioni nawakaanga na kuwauza Kisauni. Ombi langu kwao ni kwamba wafanye kazi pamoja, na sisi tunaoishi kwa bahari watuhesabu katika kazi hiyo.

Wataalamu tunao, tena wazuri. KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, wako Mkomani na watafiti wao. KWS, shirika la wanyamapori, wanalinda Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986: kilomita za mraba 10 ambazo hazivuliwi kabisa, na nyingine 200 hivi ambamo uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Mikoko iko mikononi mwa KFS, shirika la misitu. Samaki wakishatua ni habari ya watu wa uvuvi. Basi mtazame samaki mmoja tu. Baadhi ya wale wa mwambani hukulia kwenye mizizi ya mikoko, wakipata nguvu huhamia kwenye nyasi za bahari na matumbawe, mwisho huingia ndooni mwangu. Hapo amepita kwenye ofisi tatu, na sijui kama kuna ofisi moja inayomfuata safari nzima.

Nitaeleza nililoliona. Kasa aliyekufa alisukumwa na maji hadi ufuoni, uzi wa wavu umemkaza pezi mpaka umeingia nyamani. Likaja gari, watu wakampima, wakapiga picha, wakaenda zao. Kesho yake likaja gari jingine la watu wengine, wakaanza upya, hawana habari kwamba wenzao wamekwisha kupita. Wote waliwauliza wavuvi maswali yale yale: unatumia wavu gani, unavua wapi, ukimkuta kasa unafanyaje? Vijana walijibu kwa uchovu. Mtu akiulizwa hivyo kila mara na asiletewe majibu hata siku moja, mwishowe husema lolote ili aachiwe aendelee na kazi yake. Jibu la namna hiyo likishaingia kwenye daftari, maamuzi yanayojengwa juu yake yatasimamaje? Hili linaniuma, kwa sababu wavuvi hawa wanajua mengi na walikuwa tayari kuyasema.

Na ushirikiano ukiwepo, matunda yake tumeyaona. Chukua habari ya malema. Lema, kwa asiyelijua, ni mtego wa kusuka kwa fito, mlango wake umefinywa kwa ndani, samaki akiingia hapati pa kutokea. Ubaya wake ni kwamba hushika kila kitu: tafi wachanga, na wale samaki bapa wa rangi rangi ambao hata nikiwakaanga vizuri namna gani hawana mnunuzi. Watafiti walikaa na wavuvi wa pwani hii, wakaliacha lema vile vile lilivyo, ila ubavuni wakaliachia mwanya mwembamba wa sentimita chache. Wachanga wakapenya na wale bapa wakapenya. Waliobaki ndani walikuwa wakubwa zaidi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba pato la mvuvi lilipanda. Mtafiti peke yake asingejua kulisuka lema lisilegezwe na mkondo, na mvuvi peke yake asingekuwa na nafasi ya kupima kila samaki na kuandika. Lakini mpaka leo malema mengi ninayoyaona yakishushwa hayana mwanya huo. Habari njema iliishia njiani.

Kikande, samaki wa mwambani, naye ni hivyo hivyo. Utafiti wa miaka mingi kwenye miamba ya Kenya umeonyesha kwamba ndiye mlaji mkubwa wa vile viumbe vya miiba mirefu myeusi vinavyomchoma mtu akikanyaga mwambani. Kikande akimalizwa, viumbe hivyo huzaana na kuukwangua mwamba mpaka umomonyoke. Waulize wanunuzi wa samaki Kongowea ni wangapi waliowahi kuambiwa.

Wataalamu wa nchi kavu nao wasikae mbali. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliporomosha udongo kutoka bara hadi mkono wa bahari wa Mwache, ukafukia mizizi ambayo mikoko hupumulia, miti ikakauka imesimama. Udongo ule dawa yake iko mashambani, kwa watu wa kilimo, na hakuna mtaalamu wa bahari atakayeuzuia akiwa ndani ya boti.

Hapo jirani Kwale, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko pamoja na watafiti wa KMFRI na watu wa misitu, na kwa mradi huo ulioanza 2013, fedha wanazolipwa kwa kuwa mikoko hufyonza hewa ya ukaa zimewaletea maji na kusaidia shule. Mombasa tunashindwa na nini?

Ninachoomba hakihitaji fedha nyingi. Wawe na daftari moja la kasa, nyavu haramu na mikoko iliyokatwa, kila idara iandike humo na kila idara isome. Kabla ya kuja kwa wavuvi na dodoso jipya, waulizane kwanza kama mwingine hana majibu tayari. Na utafiti ukiisha, matokeo yaletwe ufuoni kwa Kiswahili, yasomwe mbele ya waliohojiwa, waulize maswali yao.

Kikao cha kwanza kisiwe cha hotelini. Kiwekwe wakati wa kusi, bahari ikiwa imechafuka na ngalawa nyingi zimevutwa mchangani, maana wakati huo wavuvi wapo na mama karanga tuna nafasi. Banda la BMU, umoja wa wavuvi wa ufuoni, linatosha, na viti tutaazima sisi.

Mama karanga,
Kisauni, Mombasa