Mwalimu wa ngoma si "mmoja wa wazee"

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukusumbua, lakini safari hii umenichokoza. Ile habari yenu ya wasanii wakongwe kutunukiwa vyeti ilibeba picha kubwa, na chini yake mgeni rasmi ametajwa kwa jina, kwa cheo, na hata kwa cheo alichokuwa nacho zamani. Mwanamke anayepokea cheti kutoka mikononi mwake mmemwandika "mmoja wa wazee waliotunukiwa". Basi huyo mmoja wa wazee ndiye aliyenifundisha ngoma, mimi pamoja na wengi wa vijana waliocheza jukwaani siku hiyo. Jina lake lilikuwa kwenye ratiba. Mwandishi wenu alikuwa nayo mkononi, maana nilimwona akijipepea nayo.

Hotuba ya mgeni rasmi mmeipa nusu ya habari. Utamaduni ni roho ya taifa, akasema. Mambo hayo tulishaambiwa Desemba 1962, tena kwa lugha tamu zaidi, pale Mwalimu Nyerere alipotangaza Wizara ya Utamaduni na kuuliza ni wangapi miongoni mwa mabingwa wa rumba na chachacha waliojua gombe sugu, kiduo au lele mama. Swali lile halikujibiwa na mawaziri. Lilijibiwa na wacheza ngoma waliochukuliwa mikoani kuunda kikundi cha taifa, na baadaye na walimu, wale wa chuo cha sanaa kilichofunguliwa Bagamoyo mwaka 1981 na wengine wengi wasio na chuo, waliokwenda shule hadi shule na ngoma begani. Leo mtoto wa Kihaya anacheza sindimba ya Wamakonde kwenye sherehe ya shule na hakuna anayeshangaa. Unadhani ilifikaje huko, kwa waraka?

Nilikuwepo ukumbini, nikiwa viti vya nyuma. Mama alipokwisha kupokea cheti, mshereheshaji akapaza sauti: "Bibi, hebu tuoneshe kidogo!" Watu wakapiga vigelegele, simu zikainuliwa. Magoti yake hayamtii siku hizi, na kila aliyemsaidia kupanda ngazi za jukwaa alijua hivyo. Sindimba haichezwi umesimama wima. Goti lisipokunjwa, kiuno hakifanyi kazi. Akashika ukingo wa meza, akateremka kidogo, wapigaji wakaongeza mwendo, watu wakacheka kile kicheko cha kumhurumia mzee. Ghafla akainua mkono, ngoma zikanyamaza. Akamwendea kijana wa ngoma kubwa, akamtamkia mdundo kwa mdomo, polepole, kama alivyokuwa akitufanyia sisi, maana kwake hukuruhusiwa kuinua mguu mpaka uweze kuitamka ngoma yote kwa ulimi. Kijana akajaribu, akakosea. Akamrudishia. Mara ya tatu mdundo ukakaa, na hata sisi wa nyuma tukausikia miguuni. Hapo ndipo mshereheshaji alipochukua kipaza sauti kututangazia kwamba muda umekwisha na chakula kiko tayari. Tukio pekee la siku ile lililostahili kuandikwa gazetini ndilo hilo, Mhariri, na mwandishi wenu wakati huo alikuwa ameshashika sahani.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na hili. Vikundi vya ngoma vinasimamishwa juani kiwanja cha ndege tangu asubuhi kumsubiri kiongozi ambaye ndege yake imechelewa. Akishuka anapunga mkono, anaingia garini, na wachezaji wanagawiwa soda. Wapiga picha wanalipwa, mwenye maturubai analipwa, mcheza ngoma anaambiwa ni uzalendo. Wamefanywa kama maputo ya mlangoni. Halafu wakizeeka tunawaita ukumbini kuwapa karatasi.

Wenzetu wanajua kumuenzi mcheza ngoma. Mwaka 2021 Germaine Acogny wa Senegal, akiwa na miaka sabini na ushee, alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kule Venice kwa kazi ya maisha yake yote. Ila mimi kinachonigusa si huyo simba, ni shule yake ya Toubab Dialaw, ambako vijana kutoka nchi nyingi za Afrika wamekwenda kujifunza. Wa kwetu hana hata chumba cha kutunzia ngoma zake. Ziko uvunguni mwa kitanda.

Napendekeza hivi. Sherehe ijayo, asichezeshwe mtu yeyote aliyepita miaka sitini kabla mgeni rasmi hajatangulia yeye mwenyewe, magoti yamekunjwa, dakika tatu bila kusimama, nanyi mpige picha. Muda utakaookolewa kwenye hotuba apewe mama huyo, na wapigaji watatu, na mtu wa kurekodi anayejua kunyamaza. Alipwe kwa kutwa, kwa kiwango kile kile anacholipwa mshereheshaji.

Halafu kuna nauli. Alijilipia basi kuja kutunukiwa, akaambiwa ahifadhi tiketi atarudishiwa. Tiketi anayo. Anayehusika anajijua.

Mwanafunzi wake wa zamani,
Dar es Salaam