Risala ya Klabu ya Kemia na Mazingira kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanachama wote wa Klabu ya Kemia na Mazingira, tunakukaribisha na kukushukuru kwa kukubali kuwa nasi siku ya leo.

Risala yetu inahusu kemia ya kijani. Jina hilo huwafanya wengi wafikirie miti na bustani. Maana yake hasa ni kuipanga kazi ya kemikali ili taka na sumu zisitokee kabisa, badala ya kuziacha zitokee ndipo tuhangaike na pa kuzitupa. Wanakemia wa Marekani, Paul Anastas na John Warner, waliiwekea kanuni 12 mwaka 1998. Hatutazisoma zote. Ya kwanza ni kuzuia taka, na ndiyo tutakayoisemea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuanze na maabara. Katika jaribio la kupima nguvu ya alkali kwa asidi, mwanafunzi hupima mililita 25 za alkali na kurudia mara tatu. Darasa la wanafunzi 40 humaliza lita 3 za alkali na, nguvu zikiwa sawa, lita 3 nyingine za asidi. Jaribio hilohilo likifanywa kwa mililita 1 kila mara, darasa zima linatumia mililita 120 tu za alkali.

Njia hii ndogo ina mitego yake. Tone moja la bureti, bomba la kioo lenye mistari na koki la kudondoshea asidi, ni kama mililita 0.05. Kwenye mililita 25 hilo ni kosa la asilimia 0.2, kwenye mililita 1 linakuwa asilimia 5. Ndiyo maana wanaolijaribu kwa vifaa vya kawaida huliacha wakisema halifai. Dawa yake ni bomba la sindano la mililita 1 lenye mistari ya 0.01, likifungwa ncha nyembamba, na ncha hiyo iguse ukuta wa chombo ili hata nusu tone lishuke. Kiputo cha hewa nacho husomeka kana kwamba ni kimiminika: elekeza ncha juu, gonga kwa kidole, kisukume kitoke kabla ya kusoma. Kiashirio, yaani dawa inayobadili rangi kuonyesha asidi na alkali zimemalizana, kisizidi tone moja, kwani chenyewe ni asidi au besi dhaifu na katika ujazo mdogo hupotosha jibu. Bomba la alkali lisuuzwe mara tu kazi inapoisha, la sivyo pistoni hukwama.

Kwa asidi inayobaki, hesabu ni rahisi. Mililita 100 za asidi ya haidrokloriki yenye moli 1 (kipimo cha wingi wa kemikali) kwa lita huhitaji gramu 8.4 za bikaboneti ya sodiamu. Unga utiwe kidogo kidogo katika chombo kipana, maana hutoka takribani lita 2.4 za gesi, na ukimiminwa wote kwa mpigo povu hufurika hadi mezani. Hata hivyo, kuua ukali wa asidi hakuondoi metali. Risasi na kromiamu hubaki palepale, hivyo taka zake zina chupa yake na haziendi kwenye sinki. Myeyusho wa salfeti ya shaba ni bora ukusanywe, upunguzwe maji taratibu, na fuwele zitumike na darasa linalofuata.

Kusuuza nako kuna akili yake. Chombo kilichobakiza mililita 100 za dawa, ukikisuuza mara moja kwa lita 3, kinachobaki ndani ni sehemu 1 kati ya 31. Lita 3 hizohizo ukizigawa mara tatu, lita moja moja, hubaki sehemu 1 kati ya 1,331. Maji ni yaleyale.

Viwandani mantiki haibadiliki. Ibuprofeni, dawa ya maumivu, ilikuwa ikitengenezwa kwa hatua 6, na ni kama asilimia 40 tu ya uzito wa malighafi iliyoishia kwenye dawa. Njia mpya ina hatua 3, na kiasi hicho kimefika asilimia 77.

Nyumbani, hatari kubwa ni kuchanganya. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ikikutana na dawa ya choo yenye asidi, hutoka gesi ya klorini, inayounguza mapafu. Wala ukali si usafi: dawa ya klorini ya asilimia 5, kipimo 1 kwa maji vipimo 9, inatosha kuua vijidudu sakafuni, mradi uchafu umeoshwa kwanza kwa sabuni, kwa kuwa uchafu huimaliza klorini kabla haijafanya kazi. Na ule mchanganyiko wa siki na bikaboneti unaosifiwa sana? Hutoa povu la kupendeza, kisha vyote viwili vimeuana na yamebaki maji ya chumvi dhaifu. Tumia kimoja kwa wakati.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuombi bureti mpya. Tunaomba mabomba ya sindano 80 ya mililita 1, mawili kwa kila mwanafunzi ili la asidi lisiingie kwenye alkali. Mizani inayosoma gramu 0.01; na madumu matatu ya taka yenye mdomo mpana na vibandiko visivyofutika kwa maji.

Tunaomba kuwasilisha.