Barua kwa mwanangu: pole baba

Baba,

Umelala hapo na kijiko chako cha mbao mkononi, mi nimekaa chini kwenye kapeti nimeegemea kitanda chako naandika kwenye simu, maana nikisema ntaandika kesho, nshasema hivyo mwaka mzima. Siku moja utaisoma mwenyewe au ntakusomea, yote sawa. Kuna jambo nataka ulisikie kwangu, usije ukalikuta kwenye mafaili.

Miezi saba nilikunyima Kiswahili.

Ulikuwa na miaka minne, ndo umeanza shule hapa Uingereza, maneno yako hayazidi sita, ukiitwa hugeuki, na kule chooni ikilia ile mashine ya kukaushia mikono unajibana chini ya sinki umeziba masikio na husikii la mtu. Nikaitwa. Mwalimu, mpole tu wala hakuniambia kwa ubaya, akasema mtoto anachanganywa na lugha mbili, nyumbani muongeleshe Kiingereza tu. Nikaitikia. Mi nimekulia Tanga baba, kwetu mwalimu akisema mzazi anasema ndiyo mwalimu, basi imeisha.

Sasa Kiingereza changu mi ni cha kazini, cha kuwaogesha wazee na kuwapa dawa kwa saa, sina cha kubembelezea mtoto. Nikawa mama wa maneno manne, njoo, kula, acha, lala. Ukianguka nakwambia sorry, na sorry sio pole, we acha tu, sorry naona kama ya mtu aliyekosa na anataka yaishe, pole ni ya mtu aliyekuja kukaa na wewe kwenye maumivu yako. Bibi akipiga simu naongea naye jikoni mlango nimefunga, eti usisikie. Na wala hukuongea zaidi. Hata yale maneno sita yakapungua.

Nisamehe kwa hilo. Yanayofuata ni maelezo tu, sio utetezi.

Januari 2022 tukaandika kwa kaunsili, yaani halmashauri ya hapa, kuomba ufanyiwe tathmini, ile inayotangulia EHCP, yaani mpango wa elimu, afya na matunzo, maana bila huo mpango shule inakusaidia pale inapoweza na isipoweza huna pa kushika. Sheria inawapa wiki 6 kujibu. Wakajibu hapana. Niliisoma ile barua nimesimama kwenye korido koti sijavua, wanasema kuchelewa kwako kunaelezeka kwa kuwa nyumbani kunaongelewa lugha nyingine, na ripoti ya daktari iliyoandikwa usonji, yaani autism, iko ndani ya faili hilohilo!

Baba yako alitaka tuache. Simlaumu, alikuwa anashika shifti za usiku ghalani na watu wetu nao walishasema yao, huyu karogwa, huyu ana jini, mrudisheni nyumbani akasomewe. Aliyeniamsha ni dada mmoja wa Mombasa tunayecheza naye upatu, mwanae kapitia hukohuko. Akaniambia shoga usilie, kata rufaa, ni bure, una miezi miwili tangu tarehe ya barua, ila kwanza upate cheti cha usuluhishi. Akanitumia na namba ya IPSEA, shirika la tangu 1983 linalowasaidia wazazi wa watoto kama nyie bila hela.

Unakopeleka rufaa ni baraza, ndo nimelizoea kwa jina hilo maana lilinikumbusha Baraza la Ardhi alilohangaika nalo babu yako kwa lile shamba la minazi. Jaji yupo, na pembeni yake anakaa mtu anayejua habari za watoto wenye mahitaji maalumu. Unajieleza mwenyewe, wakili sio lazima. Sisi hatukuwa naye.

Nikaanza kusoma sheria kwenye basi nikienda kazini, Sheria ya Watoto na Familia ya 2014. Kifungu cha 36 nilikirudia mpaka nikapitiliza kituo. Ili ufanyiwe tathmini sio lazima uthibitishe kila kitu, inatosha kwamba mtoto ana au huenda ana mahitaji maalumu na huenda ikahitajika mpango. Huenda! Kwa Kiingereza ni neno la herufi tatu na kaunsili walikuwa wameliruka kama dimbwi. Halafu kifungu cha 20 kinasema mtoto hahesabiwi kuwa na shida ya kujifunza kwa sababu tu lugha ya nyumbani ni tofauti na ya shuleni. Hapo ndo nikaona walipolalia. Wanataka shida yako iwe lugha tu. Kumbe kazi yangu ilikuwa kuonyesha kwamba hata kwa Kiswahili ukiitwa hugeuki, na mi nilishakinyamazisha Kiswahili chenyewe.

Wiki hizohizo mtaalamu wa lugha wa kliniki, yule wa kusaidia watoto kuongea, aliniuliza unaongea nae nini, nikajibu Kiingereza kama mtoto anayesema nimemaliza homework. Akaweka kalamu chini. Akasema lugha mbili hazileti usonji wala haziuongezi, muongeleshe ile inayokutoka moyoni. Nililia kwenye basi njia nzima. Usiku ule ulijigonga goti kwenye kona ya meza na nikakwambia pole baba, pole, pole. Hukuniangalia ila uliacha kulia. Kama wiki tatu baadae uko peke yako chumbani nikasikia kishindo, kimya, halafu sauti yako, pole baba. Unajipa mwenyewe.

Oktoba 2022, siku nne kabla rufaa haijaamuliwa, kaunsili wakakubali kukufanyia tathmini. Nikadhani yamekwisha. Ulipokuja mpango wenyewe 2023, ile sehemu F ambayo ndo ya msaada imeandikwa utapata fursa ya mtaalamu wa lugha inapohitajika. Inapohitajika! Nani aamue imehitajika, saa ngapi, kwa dakika ngapi? Maneno ya hivyo yamewekwa yasishikike. Na ina maana kubwa, kwa sababu kifungu cha 42 kinasema kilichoandikwa sehemu F kaunsili lazima wakitoe, hakuna cha bajeti imeisha, lakini fursa utaidai vipi? Nikakata rufaa ya pili, ya sehemu B, F na I, yaani mahitaji yako, msaada wako na shule yako. Zamu yangu ya upatu yote ikaenda kwa mtaalamu binafsi, akaja nyumbani Jumamosi mbili akakaa chini na wewe na vifuniko vyako vya soda, mi namtafsiria, anaandika kila unachosema kwa lugha zote mbili.

Februari 2024 kesi ikasikilizwa kwa video. Meza ya jikoni, laptop juu ya sufuria la pilau lililogeuzwa ili kamera ifike usoni, kurasa 412 za ushahidi pembeni. Mtu wa kaunsili akaanza tena habari ya lugha ya nyumbani. Jaji akasema twende ukurasa wa 214, kwenye maneno yako aliyoandika yule mtaalamu, akaliona neno pole, akalisoma vibaya, poli, akaniuliza lina maana gani. Nikamwambia ni neno anapewa mtu aliyepatwa na jambo hata kama sio wewe uliyemfanyia. Yule mjumbe mwingine akauliza, mtoto anamwambia nani? Nikasema anajiambia mwenyewe na anajiita baba, kwa sababu ndivyo ninavyomwambia mimi, anarudisha sentensi nzima kama alivyoipokea, na kwa Kiingereza anafanya hivyohivyo. Wakaandika. Walikaa kimya wanaandika, habari ya lugha haikurudi tena.

Uamuzi ukaja kwa imeili. Dakika 45 kila wiki na mtaalamu wa lugha, ana kwa ana. Shule tuliyoomba. Na chooni unapewa taulo za karatasi, ile mashine hulazimishwi.

Kinachoniuma mpaka leo, miaka hii zaidi ya asilimia 95 za kesi zinazofika kuamuliwa na lile baraza wanashinda wazazi. Sasa kama wanajua watashindwa kwa nini mtoto apoteze miaka miwili? Na yule mama ambae hana dada wa Mombasa, barua ya hapana ikimfikia anaikunja anaiweka kabatini, mtoto wake je? Wapo, nawajua, nikikutana nao nawaeleza hata tukiwa kwenye foleni.

Mpango unapitiwa kila mwaka kwa hiyo lile boksi la makaratasi bado liko chini ya kitanda chako, usilitoe karatasi tafadhali, nimezipanga. Bibi sasa anapiga saa kumi na mbili jioni ya huku, kwake usiku umeshaingia, na simu naiweka loudspeaker katikati ya sebule.

Jana nilikuwa namenya viazi nikajikata kidole. Sikusema kitu, nilivuta pumzi tu. Ukaja ukasimama mlangoni ukaangalia kidole, sio uso, kidole, ukasema pole baba.

Nikakwambia asante. Sikukurekebisha.

Mama