Hiyo rangi moja ya kijani haitoshi

Swahiba wangu,

Salaam sana, wazima huko? Watoto je? Nimesoma swali lako kuhusu hiyo ramani ya mimea mnayoichora, ati Arabuko-Sokoke, ule msitu wetu wa pwani ya Kenya, mkiipaka kijani kimoja mkaandika "msitu wa pwani" itatosha? Haitoshi swahiba, na nakujibu kwa urefu manake hili jambo linanikereketa.

Ule msitu ni kama kilomita za mraba 420 hivi lakini ndani yake mna jamii tatu za mimea, na kila moja ina wanyama wake. Upande wa mashariki huku Gede mvua ni nzuri, inapita milimita 1000 kwa mwaka, hapo ni msitu mchanganyiko, mbambakofi na miti chungu nzima. Ukisonga katikati unakuta mchanga mweupe usio na rutuba, hapo mrihi ndio umetawala, miti imeachana, jua linafika mpaka chini. Halafu ukizidi kwenda magharibi udongo unageuka mwekundu, mvua imepungua sana, na unaingia kwa Cynometra, miti mifupi iliyobanana kiasi kwamba kupita kwenyewe ni kuinama.

Sasa angalia wanyama. Yule bundi mdogo wa Sokoke, aliyeandikwa kisayansi mwaka 1966, hapa kwetu anakaa kwa ile Cynometra ya udongo mwekundu, kwa mrihi hutampata. Mnana wa Clarke, yule ndege, yeye anatafuta chakula juu kwenye mirihi. Na yule sengi wa matako ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, anataka majani makavu mengi chini afukue wadudu, kwa hivyo msitu mchanganyiko na Cynometra ndio zinamfaa zaidi. Basi fikiria Cynometra yote ikatwe, ramani yenu bado itasema msitu upo, na bundi hana kwake!

Najua mtanitajia ramani ya mimea ya Afrika ya mwaka 1983, ile ya UNESCO aliyoichora mtaalamu wa mimea White. Ni kazi kubwa na naiheshimu, lakini imechukua pwani yote kutoka kusini mwa Somalia mpaka mto Limpopo ikaiweka kwa kundi moja, na kwa kipimo chake sentimita moja ni kilomita 50, yaani Arabuko nzima haifiki hata robo ya sentimita ya mraba. Ile ilikuwa ya bara zima, nyinyi mna eneo dogo, mna nafasi ya kuona zaidi.

Kwa hivyo msikae na picha za setilaiti pekee. Shukeni msituni, pimeni vipande vya mfano, andikeni rangi ya udongo, urefu wa miti, mwanga unafika chini kiasi gani, na vichaka vya chini pia, si miti mikubwa tu. Na visiki tafadhali mvihesabu! Muhuhu umekatwa sana kwa ajili ya vinyago, mbambakofi kwa milango na majahazi, sasa mkikuta mahali hamna hiyo miti msikimbilie kuipa jina la jamii mpya, huenda ni msitu uleule umeporwa. Kwangu mimi hapo ndipo penye ugumu wenyewe wa kazi hii, kujua kama tofauti imeletwa na udongo na mvua au na shoka.

Nitumie rasimu kabla haijaenda kuchapishwa, nataka kuona mpaka wa udongo mwekundu mmeupitisha wapi. Na mkija, njooni kabla ya masika, tutautembea wote kwa miguu.

Wako wa siku zote.