Mageti ya chuma hayakuiokoa Bali

Mhariri,

Ni msomaji wenu wa muda mrefu na sijawahi kuwaandikia, ila ile makala ya ukurasa wa kilimo kuhusu mpunga wa Bali, Indonesia, imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu anadai kwamba maji ya kisiwa kile yaligawanywa kwa kubahatisha mpaka wataalamu walipofunga mageti ya chuma, ndipo haki ikapatikana. Ilikuwa kinyume chake, na aliyelipia gharama ni mkulima.

Umwagiliaji wa Bali haukuanza juzi. Maandishi ya kale ya kijiji cha Bebetin, ya mwaka 896, yanataja mafundi wa kuchimba mahandaki ya maji, na maandishi ya karne ya 11 tayari yanaitaja subak, yaani umoja wa wakulima wanaotegemea mfereji mmoja. Mito ya kule imechimba makorongo marefu, kwa hiyo banio, yaani kizuizi cha kuchepusha maji ya mto, hujengwa mbali huko juu, maji yakapitishwa ndani ya kilima kwa handaki na kutokea juu ya majaruba. Kazi hiyo haifanywi kwa kubahatisha.

Mgawanyo wenyewe ni gogo, wao huliita tembuku. Linalazwa kukingama mfereji likiwa limechongwa mapengo. Vitako vya mapengo yote viko usawa mmoja, kinachotofautiana ni upana tu: mwenye fungu moja ana pengo la upana mmoja, wenye mafungu matatu wana la upana mara tatu. Mto ukijaa au ukipungua, uwiano unabaki palepale bila mtu kugusa chochote. Masharti yake ni machache. Gogo lisiinamie upande, mchanga uzolewe mbele yake, maji yafike yametulia, na yakishapita pengo yaanguke huru. Mfereji wa chini ukijaa tope, maji hurudi nyuma na pengo lile hupoteza sehemu ya fungu lake. Kasoro hizi zote huonekana kwa macho, hata mtoto anaweza kumkamata mwizi.

Geti la kupandisha na kushusha ni habari nyingine. Ukilishusha hapa, kina cha maji kinapanda nyuma yake na jirani wa juu anapata zaidi ya haki yake. Lazima awepo mtu wa kusoma kipimo, kulinganisha na jedwali na kuzungusha usukani kila mto unapobadilika, na mito ya Bali hubadilika ndani ya saa chache mvua ikinyesha mlimani. Mradi wa umwagiliaji wa Bali, uliogharimiwa na Benki ya Maendeleo ya Asia kuanzia 1979, ulileta mageti hayo. Wakulima wengi waliyaacha au wakayang'oa.

Lakini geti lilikuwa dogo kuliko kosa lililoandamana nalo, ambalo makala yenu haikuligusa kabisa. Miaka ile ya 1970 serikali ilikuwa ikihimiza mbegu za muda mfupi zilizotoka Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga kule Ufilipino, kila mtu apande haraka awezavyo na avune mara nyingi awezavyo. Ratiba ya kupanda na kupumzisha mashamba, ambayo subak zilipatana kupitia mahekalu ya maji, ikawekwa kando kana kwamba ni dini tupu. Kumbe ratiba ile ndiyo iliyokuwa dawa ya wadudu! Subak jirani zikivuna pamoja na kupumzisha mashamba pamoja, panya na wadudu hukosa chakula katika eneo zima, na bata huingizwa kuokota masalia. Kila mmoja akipanda kwa wakati wake, mdudu huhama jaruba hadi jaruba mwaka mzima. Ila wote wakipanda siku moja, maji ya kulowanisha udongo hayatoshi. Ndiyo maana wa juu na wa chini hukutana na kupatana: wa chini anahitaji maji, wa juu anaogopa wadudu watakaompandia kutoka chini, hivyo kila mmoja ana sababu ya kumsikiliza mwenzake. Mapatano hayo yalipovunjwa, yule mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza utomvu wa shina aliteketeza mpunga, ikaletwa mbegu ya IR36 iliyomhimili, na ugonjwa wa mpunga uitwao tungro ukaingia nyuma yake. Sumu zilipulizwa mpaka mwaka 1986 Rais Suharto akapiga marufuku aina 57 za viuatilifu kwenye mpunga. Mwaka 1988 benki yenyewe ilikiri kwamba kubadilisha utaratibu wa jadi kulileta hasara. Mfadhili anakiri, gazeti letu linasifu!

Na hapa kwetu ni yaleyale. Kila mnapoandika kuhusu mifongo, ile mifereji ya jadi ya Kilimanjaro, lazima liwepo neno upotevu. Maji yanayovuja kwenye mfongo wa juu mara nyingi ndiyo yanayoibuka kwenye chemchemi ya chini, kama vile maji yanayotoka jaruba la juu la Bali yanavyokuwa maji ya jaruba linalofuata. Ukipima shamba moja peke yake utaona hasara, ukipima bonde zima utaona maji yametumika tena. Ukisakafia mfereji kwa zege bila kupima chemchemi kwanza, unaweza kumnyang'anya maji mtu ambaye hata hakualikwa kwenye kikao. Nimeiona skimu moja ya umwagiliaji ambayo geti la kigawa maji lilipoteza usukani, skrubu yake ikashika kutu, na wakulima wakalikaza kwa jiwe na gunia la mchanga. Ripoti ya skimu hiyo iliendelea kuliandika kama geti linalofanya kazi.

Naomba mchapishe masahihisho kwenye ukurasa uleule, pamoja na mchoro wa gogo la mapengo uliochorwa kwa vipimo, vitako vikionekana vimelingana. Na mwandishi atakayefuata kwenda kwenye skimu yoyote apewe pima maji ya fundi mwashi na futi ya chuma. Apime kitako cha kila tundu la kigawa maji na upana wake, aandike namba hizo, kisha ndipo aulize nani anapata maji na nani hapati.

Fundi wa mifereji,
Moshi