Mama Glory, hilo tangazo la sigara

Moshi, 14 Mei

Mama Glory mpendwa,

Salamu nyingi. Huku tupo. Mvua haijaamua kama inaondoka au inabaki, migomba upande wa kwa Shirima imelala chini yote, na Mama Kombe anakusalimu, anasema sufuria yako bado anayo. Nilipomuuliza ataileta lini akabadilisha mada. Ukimya wangu nitaujibu tukionana, leo nina la haraka.

Ni hilo tangazo lako la kuwaasa watu waache sigara. Umeniandikia "pitia tu kidogo, mtendaji anataka libandikwe vijiweni na kwa mamalishe kabla ya tarehe 31." Nimelipitia mara tatu. Picha ya fuvu itoe; vijana wa boda wanabandika mafuvu kwenye pikipiki zao kama urembo, halitamtisha mtu. Magonjwa kumi na moja ni mengi mno, bakiza matatu. Lakini kinachonisumbua ni mstari wa tatu: "tuache tabia hii mbaya".

Tabia mbaya ni kutupa maganda ya ndizi barabarani. Nikotini ni habari nyingine. Mtu akivuta, inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Baada ya saa 2 hivi nusu yake imeshatoka kwenye damu, mwili unaanza kudai. Ndiyo maana wengine hawanawi uso kabla hawajavuta: wamelala, deni limekua usiku kucha. Huyo ukimwambia ana tabia mbaya atakuitikia "kweli mama", atakunja karatasi yako na kuwasha sigara nyingine. Umemwambia anachokijua, hukumwambia afanyeje kesho saa kumi na mbili asubuhi.

Usijilaumu sana, wakubwa nao walijikwaa hapo hapo. Jumamosi ya 11 Januari 1964 daktari mkuu wa serikali ya Marekani, Luther Terry, alitoa ile ripoti inayotajwa kila mahali. Alichagua Jumamosi makusudi, soko la hisa lisitikisike na magazeti ya Jumapili yaibebe. Na utaalamu wake ninaoupenda ni huu: kabla ya kuteua kamati ya watu 10, orodha ya majina ilipelekwa kwa wadau wote, kampuni za sigara zikiwemo, na yeyote aliruhusiwa kufuta jina bila kutoa sababu. Waliokwisha kusema hadharani kuwa sigara inaua au haiui hawakuchukuliwa. Kamati ikasoma maandiko zaidi ya 7,000, ikatoka na jibu kwamba sigara inasababisha saratani ya mapafu kwa wanaume, mvutaji wa wastani hatari yake ikiwa mara 9 hadi 10 ya asiyevuta. Wenye viwanda wakabaki kusema nini? Kamati waliichuja wenyewe.

Lakini ripoti hiyo hiyo ilipofika kwenye nikotini ikasema ni mazoea tu, haikuiita uraibu. Ilipita miaka 24, hadi 1988, ndipo ofisi ile ile, chini ya C. Everett Koop, ikasema wazi kuwa nikotini inateka mtu kama dawa nyingine za kulevya. Na lile onyo la kwanza kwenye pakiti zao, la 1966, lilisema sigara "huenda" ikawa hatari kwa afya. Huenda! Wewe unazo "huenda" mbili, nimezihesabu. Zifute. Andika: kati ya wavutaji wasioacha, hadi nusu wanakufa kwa sababu ya tumbaku. Na usibishane na mtu atakayekuletea habari za babu yake aliyevuta mpaka miaka tisini. Mjibu tu kwamba nusu ina upande wa pili, babu aliangukia huko.

Kwa hiyo kabla ya kubandika, fanya kama Terry: mpe mwenyekiti wa kijiwe asome, mpe na mvutaji mmoja mkaidi akate maneno anayoyaona ya kejeli. Tangazo walilolikagua wenyewe hawatalichana.

Halafu fikiria litabandikwa wapi. Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ya 2003 inataka onyo kwenye pakiti, sawa, ila nani anaiona pakiti? Mangi mwenye duka anaipasua, anaiweka rafu ya juu, anauza moja moja, kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa uzi kwenye nondo za dirisha. Mnunuzi anapokea sigara tupu, inamia, washa, ondoka. Onyo analisoma Mangi peke yake, naye havuti. Wenzetu wa Kenya, ukivuka Namanga, pakiti zao zina picha tangu 2016, lakini hata picha haimfikii anayenunua moja. Karatasi yako mahali pake ni pale penye uzi wa kiberiti, usawa wa macho ya mtu aliyeinama. Ukubwa wa daftari, maneno yasizidi arobaini. Usimfanye Mangi adui: mpe mstari wake mmoja wa sheria, kwamba haruhusiwi kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na uongeze kwa mkono wako, "hata aliyetumwa na baba." Hicho ndicho kisingizio cha kila siku.

Sasa kazi yenyewe, ambayo karatasi haiwezi kuifanya. Kati ya watu 100 wanaojaribu kuacha kwa nguvu zao tu, baada ya miezi sita hadi mwaka wanabaki 3 hadi 5 ambao hawajarudia. Ushauri mfupi wa daktari unaongeza mmoja hadi watatu hivi. Utasema ni wachache. Ni wachache, ila ni dakika 3 za maneno, hazina gharama, na kata yako ina wavutaji wangapi? Wale wahudumu wa afya ngazi ya jamii wako watatu, wafundishe hivi. Wasianze na "unavuta ngapi kwa siku", maana anayenunua moja moja hajui hesabu yake au anaipunguza kwa aibu. Waulize: "Ukiamka, ya kwanza unavuta baada ya dakika ngapi?" Akisema ndani ya dakika 30, huyo amekamatwa barabara, maneno peke yake hayamtoshi. Kisha wamwambie waziwazi aache, wamuulize kama yuko tayari, na kama yuko tayari wapange naye tarehe ndani ya wiki mbili. Tarehe iandikwe. "Nitaacha tu, Mungu akipenda" usiiandike kama tarehe.

Daftari lao liwe na jina, dakika za sigara ya kwanza, tarehe ya kuacha, halafu nafasi tatu: siku ya 3, ya 7, ya 30. Siku ya 3 ndiyo ya kumpigia simu hata kama huna salio, kakope. Hasira, kukosa usingizi, njaa na kichwa kizito hupanda kilele siku ya 2 na ya 3, halafu vinashuka taratibu kwa wiki mbili hadi nne. Wengi wanaanguka hapo kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kilele kina mwisho. Hamu yenyewe ikija haikai, ni dakika chache: anywe maji, atembee, avute pumzi ndefu, hamu ipite. Akiteleza akavuta moja, mhudumu asimhubirie, aulize tu alikuwa wapi na nani. Jibu mara nyingi ni kilabuni. Pombe na sigara ni mapacha, kwa hiyo wiki mbili za mwanzo mbege aiache, na kama hawezi, basi anywee nyumbani.

Hapa kuna kitu ambacho sijakiona kwenye tangazo la mtu yeyote, na sisi watu wa kahawa tunakihitaji kuliko wengine. Moshi wa sigara unalifanya ini lichome kafeini haraka. Mvutaji anaweza kunywa vikombe sita vya kahawa ya mtaani asisikie kitu. Siku anayoacha, ini linarudi kwenye mwendo wa kawaida ndani ya siku chache, lakini vikombe ni vile vile sita, na kafeini kwenye damu inaweza kufika mara mbili. Mikono inatetemeka, moyo unadunda, usingizi hakuna. Yeye anasema "sigara inanidai", kumbe ni kahawa. Anawasha, anatulia, anaamini amethibitisha. Mwambie apunguze kahawa nusu siku ile ile anayoacha. Kinachofanya hivyo ni moshi, hivyo hata akitumia bazoka au plasta za nikotini kahawa bado ipungue. Na mwenye pumu anayemeza aminofilini asiache sigara kimyakimya bila kumwambia daktari wake, maana dawa hiyo nayo inapanda kwenye damu na inaweza kumdhuru. Hilo liandike kwa wino mzito.

Kuhusu bazoka na plasta, usizitaje kwenye karatasi mpaka upite maduka ya dawa ya hapo mjini uone kama zipo na bei gani. Zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, ila kuwa kwenye orodha na kuwa kwenye rafu ni mambo mawili. Zikipatikana, bazoka ya miligramu 4 ni kwa yule wa dakika 30, ya 2 kwa wengine. Haitafunwi kama za watoto: anatafuna polepole mpaka asikie pilipili, anaibana kati ya shavu na fizi, pilipili ikiisha anatafuna tena, kwa nusu saa. Akiitafuna mfululizo anameza nikotini, anapata kwikwi na kichefuchefu, anakuja kukwambia dawa yako mbovu. Asinywe soda wala kahawa robo saa kabla, haitapenya.

Kingine: umeandika "sigara" kila mahali. Bibi mwenye kikopo cha ugoro kwenye kitenge na mzee wa Kimasai mwenye chake shingoni watakusikiliza vizuri sana wakijua hawahusiki. Ule ugoro unachanganywa na magadi, na magadi ndiyo yanayoachia nikotini ipenye haraka. Andika "tumbaku ya aina yoyote".

Kwa mamalishe, ile kona ya wavutaji ifutwe. Moshi haujui kona, na feni inausambaza tu mpaka kwenye chapati. Wavutie nje, mbali na mlango na madirisha. Watakwambia mbona jiko la mkaa linatoa moshi kuwazidi. Kubali, nalo linadhuru, na mtoto aliye mgongoni anavuta yote mawili. (Ndiyo, najua, mtu wa Moshi anakuandikia habari za moshi. Cheka umalize.)

Faida nazo ziwe za karibu. Kijana wa miaka 24 humtishi kwa saratani ya miaka 60. Mwambie mapigo ya moyo yanashuka ndani ya dakika 20, ile hewa ya sumu ya kaboni monoksidi inashuka kwenye damu ndani ya saa 12, pumzi inaongezeka kati ya wiki 2 na 12. Kwa wagumu wanaobeba mizigo mlimani hiyo ya kaboni ina maana ya pekee: inashikamana na damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, na kileleni Uhuru, mita 5,895, oksijeni yenyewe ni kama nusu ya iliyoko pwani. Anajipunguzia hata hicho kidogo alichonacho. Kwa boda tumia hesabu: sigara 5 kwa siku ni 1,825 kwa mwaka. Azidishe mwenyewe kwa bei ya Mangi, wewe usimtajie.

Na chini kabisa weka kikohozi. Wakiacha, wengine wanakohoa zaidi wiki za mwanzo, mapafu yanajisafisha. Lakini wavutaji wana mazoea ya kusema "ni cha sigara tu", na sigara inaongeza hatari ya kifua kikuu. Kikohozi cha wiki mbili, apeleke makohozi yapimwe, asikisie.

Kwenye mkutano wa mtaa Mzee Lema atasimama, namjua: "Serikali inayotushauri si ndiyo inayokula ushuru wa hiyo sigara? Na tumbaku si inalimwa Tabora kwa baraka zake?" Usimkwepe. Ni kweli inalimwa, Tabora, Urambo na kwingine, na ni kweli mwaka 2007 nchi iliridhia mkataba wa kudhibiti tumbaku. Yote mawili yapo. Ila huo ushuru anaoulalamikia ni moja ya vitu vinavyopunguza uvutaji kuliko tangazo lolote, hasa kwa vijana. Ukishamjibu, muulize ya kwanza anavuta dakika ngapi baada ya kuamka. Atakaa chini.

Sasa nijibu. Mtendaji atakubali tangazo libaki na maneno arobaini, au ni yule yule wa kutaka nembo tatu na salamu za viongozi? Wahudumu wako wana salio la simu za siku ya 3, au nimwombe Anande wa kule ofisini kwao? Yule shemeji yako aliyeapa Pasaka, tarehe yake iliandikwa au ilikuwa ya Mungu akipenda? Kahawa anakunywa vikombe vingapi? Na Glory matokeo yametoka, mbona kimya? Nirudishie karatasi ukiwa umeshaisahihisha, mpe dereva wa Coaster ya saa nne, namba yangu anayo. Sufuria nitaifuata mwenyewe kwa Mama Kombe.

Wako,
Mama Ivan